Mlango wa Kujibia

Karatasi ya kumzimia mashine Mrisho Kapalata ilikuwa na nafasi tatu za kusaini, na mbili zilikuwa zimekwisha jazwa. Daktari alisaini Jumatatu. Bi Ramla, mkewe, alisaini Jumanne kwa mwandiko uliolala upande, wa mtu aliyeandika huku akiangalia kwingine. Nafasi ya tatu ilikuwa ya fundi mtandao, na hiyo, kwa desturi ya Jumba la Sauti pale Tabora, ilikuwa ya kukamilisha shughuli tu. Fundi aliulizwa jambo moja: njia ya chumba ni nzima? Kama njia ni nzima na mgonjwa hajasema neno kwa miaka minne, basi kilichonyamaza si njia, ni mgonjwa mwenyewe. Mashine zinazimwa, na kitanda anapewa mwingine anayesubiri.

Milembe Kasanda alikwisha saini karatasi saba za namna hiyo. Ya nane alikuwa nayo mezani tangu saa tatu asubuhi, kalamu mkononi, na chai yake ilikuwa imeanza kuota utando.

"Bado tu?" aliuliza Bwana Nkwabi, mkuu wa karakana, akichungulia mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa kusikitika hata kuku wa sikukuu anapochinjwa. "Njia umeipima?"

"Nimeipima."

"Ikasemaje?"

"Nzima."

"Basi saini, dada. Yule mama yuko barazani tangu saa mbili. Usimkalishe mtu na msiba wake."

Milembe hakusaini. Kulikuwa na tarakimu moja kwenye skrini ambayo ilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Homa ya ganzi ilipopita nchini iliwaacha watu hai ndani ya miili isiyotikisika wala kusikia. Mafundi wakavumbua uzi. Unapachikwa nyuma ya sikio, unachukua neno mgonjwa anapolikusudia, maana ulimini halifiki tena, na unamletea maneno ya wenzake. Lakini mawazo ya mtu ni siri yake, na hakuna aliyetaka ya Mrisho yachanganyike na ya jirani wa kitanda cha pili. Kwa hiyo kila mgonjwa alijengewa chumba chake ndani ya mtandao, chumba kisicho na ukuta wala bati, ila kilichojitenga kabisa: milango yake peke yake, daftari lake la njia peke yake, hakioni cha jirani wala jirani hakioni chake. Kila chumba kilikuwa na milango miwili. Lango la Tiba lilipitisha mapigo ya moyo na tarakimu za daktari. Lango la Jamaa lilipitisha sauti, na sauti tu.

Malango yenyewe yalikuwa na adabu ya nyumba za kwetu. Aliyebisha hodi mlango wa mbele hajibiwi kwa mlango wa uani. Jibu lilipaswa kutoka kwa mlango ule ule lilioingilia swali, na lango lililoona jibu lisilokuwa na hodi yake lililitupa hapo hapo, bila kulisoma, kwa sheria ya siri. Lilichobakiza ni hesabu tu: leo vimetupwa vifurushi kadhaa. Sauti, ikumbukwe, husafiri imekatwakatwa vifurushi vidogo vidogo, na neno moja laweza kuwa vitano au kumi.

Kila chumba hupoteza kidogo. Chumba cha arobaini kilikuwa kimetupiwa vifurushi mia mbili na kumi kwa miaka yote. Cha arobaini na mbili, mia tatu hivi. Cha arobaini na moja, cha Mrisho Kapalata, kilikuwa kimetupiwa laki nane na ushei, vyote kwenye Lango la Tiba, mahali ambapo sauti haina kazi.

Milembe aliisukuma chai pembeni akainuka.

*

Bi Ramla alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu chake miguuni, kanga mbili begani. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mrina asali kama mumewe. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akija, na kila Ijumaa Milembe alimpa kikombe cha chai ya tangawizi karakanani kabla hajapanda gari la kurudi. Walikuwa wamezoeana kwa muda wa miaka minne hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imekwisha?"

"Bado kidogo. Naomba uje uzungumze naye, nipime kitu."

Bi Ramla alimtazama kwa uchovu. "Nilishamuaga Ijumaa. Kuaga mara mbili ni uchuro."

"Si kumuaga. Mwambie chochote."

Mrisho alilala chali, nywele zimechanwa vizuri, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Kando ya kitanda palikuwa na kipaza sauti kwenye kijiti chake. Milembe alisimama nyuma ya Bi Ramla, kompyuta ndogo kifuani, ile tarakimu ya vilivyotupwa ikiwa mbele ya macho yake. Ilikuwa imetulia.

"Haya," alisema.

"Hodi," alisema Bi Ramla kwenye kipaza sauti, kama alivyosema kila Ijumaa.

Tarakimu ikaruka. Vifurushi tisa.

Milembe alijiambia ni bahati tu. Mtandao huwa na vituko vyake. "Mwulize kitu, mama. Swali."

"Nimwulize nini? Nilikuwa na swali moja, alilala nalo." Bi Ramla alitabasamu kidogo, tabasamu la mazoea. "Ufunguo wa ghala la asali. Asubuhi aliyoanguka aliuficha, maana alisema nampa kila mpita njia kibuyu. Mwaka mzima nilikuwa nakuja namwuliza kwa mzaha. Mwisho tukavunja mlango."

"Mwulize tena."

"Mwanangu, na wewe..." Lakini aliinamia kipaza sauti. "Mrisho. Ufunguo wa ghala uliuweka wapi?"

Thelathini na moja. Tarakimu ikatulia kwa pumzi moja, ikaruka tena: thelathini na moja. Ikatulia. Thelathini na moja.

Mara tatu, kipimo kile kile. Mtu huwa hasemi jambo lile lile mara tatu ila kama hasikilizwi.

"Nyamaza kidogo, mama," alisema Milembe. Wakanyamaza wote wawili. Tarakimu ikanyamaza pia, isitikisike hata moja.

"Kuna nini?" Bi Ramla alikuwa anamtazama yeye sasa, si mgonjwa. "Milembe. Kuna nini?"

"Nipe nusu saa," alisema Milembe. Hakuweza kumpa mtu tumaini ambalo hajalishika mkononi. "Nusu saa tu. Na ile karatasi sijaisaini."

*

Daftari la njia la chumba ni orodha ya amri. Husomwa kutoka juu kwenda chini, na amri ya kwanza inayofaa ndiyo inayofuatwa. Zilizobaki chini yake hazisomwi. Daftari la kila chumba huanza na amri ya sauti: inayojibu hodi ya Lango la Jamaa, itolewe Lango la Jamaa. Mwisho huja amri ya jumla: kingine chochote, Lango la Tiba.

Milembe aliingia katika daftari la chumba cha arobaini na moja. Amri ya jumla ilikuwepo. Ya sauti haikuwepo.

Basi hodi ya Bi Ramla iliingia kwa Lango la Jamaa, ikamfikia mumewe vizuri kabisa. Mumewe akajibu. Jibu likatafuta njia daftarini, likakuta amri moja tu, likatoka kwa Lango la Tiba. Pale likaulizwa hodi yake iko wapi, halikuwa nayo, likatupwa. Na kipimo cha mafundi? Mafundi hupima kwa Lango la Tiba. Swali lao, la mashine kwa mashine, liliingia huko na jibu likarudi huko huko, kwa hiyo kila ukaguzi kwa miaka minne uliandikwa "nzima." Walikuwa wakipima mlango ambao haukuwahi kuharibika.

Akatafuta amri ile ilikokwenda. Akaikuta katika daftari la korido, lile la jengo zima, imeandikwa bila kosa hata la nukta: sauti ya chumba cha arobaini na moja, Lango la Jamaa. Amri njema, mahali pasipo na mtu wa kuisoma, kwa maana chumba hakisomi daftari la korido. Kando yake palikuwa na neno la ukumbusho, "kuhamishia ndani baadaye," na jina la mwandishi.

M. Kasanda.

Akaikumbuka siku hiyo yote. Walikuwa wanahamishia wagonjwa jengo jipya, vyumba thelathini kwa siku moja. Kufungua daftari la chumba hukata sauti kwa dakika nzima, na alipofika cha arobaini na moja, cha Mrisho aliyepachikwa uzi asubuhi ile ile, Bi Ramla na wanawe walikuwa kwenye kipaza sauti wanamsomea mgonjwa Yasini. Nani angemkata mtu Yasini katikati? Mafundi wa Jumba lile walikuwa na mwiko: hufungui chumba ambacho jamaa wanasoma dua. Akaiandika amri koridoni, akaweka ukumbusho, akaendelea na cha arobaini na mbili. Jioni alipima kwa Lango la Tiba. Nzima. Akaenda nyumbani akala akalala.

Alikagua vyumba vingine ishirini na tisa vya siku ile. Vyote vilikuwa na amri yake ndani. Ni hiki kimoja tu.

Bwana Nkwabi alimkuta ameinamisha kichwa juu ya meza. Milembe alimweleza kila kitu, na mzee yule akakaa polepole kwenye kiti kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Kwa hiyo yupo," alisema mwisho. "Alhamdulillahi. Yupo." Akafuta macho bila aibu. Kisha, baada ya muda, akasogeza kiti karibu. "Sikiliza, mdogo wangu. Iandike amri ndani. Dakika moja. Halafu mwite mama yule umwambie, 'Mumeo ameamka.' Watalia, watachinja mbuzi, watakushukuru mpaka uone haya."

"Hakuwa amelala."

"Najua. Wewe unajua na mimi najua. Lakini fikiria huyo mama. Utamwambia mumeo alikuwa anakujibu miaka minne, wewe ukawa unamsemesha kama kaburi? Huo ni mzigo wa kumtwisha mtu? Maji yameshamwagika, hayazoleki."

"Hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anajulikana."

"Utafukuzwa. Kwa hilo nitalia, lakini litapita. Wale saba uliowasaini je? Watu wao watakuja hapa kuuliza kama nao waliulizwa kwa mlango usio wao."

"Waje," alisema Milembe. "Wana haki ya kuuliza. Na mimi nitataka kujua kabla yao."

Nkwabi hakuwa mtu mbaya. Aliyoyasema yalitoka katika huruma, na Milembe alikiri moyoni kwamba huruma hiyo ilikuwa tamu. Angeweza kuwa malaika aliyeamsha mtu, badala ya fundi aliyemzika hai. Nusu ya nafsi yake ilikwisha andaa sauti ya kutolea habari njema.

Kilichomzuia si Bi Ramla. Ni yule kitandani. Atakapoambiwa, "Hongera, umeamka," yeye anayejua kwamba hakulala hata siku moja, atafanyaje? Ama aamini mkewe alimsikia akanyamaza, ama aamini amepungukiwa na akili. Ule uwongo mzuri ungewatuliza watu wote isipokuwa mmoja, na mmoja huyo ndiye mwenye chumba.

"Mficha uchi hazai, kaka," alisema Milembe, akachukua kompyuta yake.

Nkwabi hakumzuia. Alibaki anaitazama ile chai iliyopoa.

*

Alimwambia Bi Ramla pale pale kwenye benchi, kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujitetea. Mumeo yupo. Yupo siku zote. Alikusikia na alikujibu, na majibu yalipotea kwa kosa. Kosa ni langu, nililifanya siku mliyomsomea Yasini.

Bi Ramla alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na Milembe, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, hakujua afanye nini na utulivu ule.

"Ijumaa nilimwambia nimechoka," alisema Bi Ramla. "Nilimwambia aende salama, nitamzimia mashine. Alisikia?"

"Alisikia, mama."

"Akajibu?"

Milembe alikuwa ameiangalia siku hiyo kwenye orodha. "Alijibu sana. Vifurushi elfu nne."

"Alisemaje?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Lango halihifadhi, linahesabu tu."

Ndipo mama yule alipofunika uso kwa upande wa kanga. Milembe alinyoosha mkono kumshika bega, na Bi Ramla akautoa mkono ule taratibu, kama mtu anayetoa jani lililomwangukia.

"Chai yako nimeinywa miaka minne," alisema ndani ya kanga. Baadaye kidogo akajifuta, akainua kikapu. "Twende. Hasira yangu na wewe ipo, haikimbii. Mtu ananisubiri."

Milembe alifungua daftari la chumba, sauti ikakatika kwa ile dakika yake. Aliandika amri. Akafunga. Akamwashiria mama.

"Hodi," alisema Bi Ramla.

Spika ya kando ya kitanda ilikaa kimya. Kwenye skrini, vifurushi tisa vilitupwa.

"Mbona kimya?" Bi Ramla alimgeukia kwa macho yaliyomtoka. "Milembe, mbona kimya?"

Milembe aliirudia skrini. Amri ipo, aliiona kwa macho yake. Akaifungua tena orodha, akaisoma kama anavyosoma mwanafunzi, kwa kidole, kutoka juu. Kidole kikakutana kwanza na amri ya jumla: kingine chochote, Lango la Tiba. Chini yake ndipo ilipokaa yake mpya. Kwa haraka alikuwa ameibandika mwisho, nayo haikuwa inafikiwa kabisa. Kila jibu lilikuwa limeshapewa mlango kabla halijafika kwake. Miaka kumi na minne ya ufundi, na kosa la siku ya kwanza. Akaipandisha juu, akahesabu mstari kwa mstari mara mbili, akafunga.

"Tena, mama. Tafadhali."

Bi Ramla alishika kijiti cha kipaza sauti kwa mikono miwili. "Hodi."

Spika ikakwaruza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kutengenezwa na mashine, bapa, haina umri, lakini ile haraka ya kusema ilikuwa ya mtu halisi.

"Karibu. Ufunguo umo ndani ya bomba la moshi la kufukuzia nyuki, lile bovu. Nimekwambia mpaka nimechoka."

Bi Ramla alicheka. Kilichomtoka kilianza kama kicheko, kikavunjika katikati, akaketi ukingoni mwa kitanda akiwa bado ameshikilia kile kijiti. "Tulivunja mlango, Mrisho."

"Ule wa mninga?"

"Ule wa mninga."

"La haula," ilisema spika. Kisha, polepole zaidi: "Ramla. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sema tena."

"Nakusikia, mume wangu. Nakusikia."

Wakasema hivyo mara nyingi, yeye akiuliza na mkewe akijibu, na Milembe akasimama ukutani akilia bila sauti kwa furaha ambayo alijua hana haki nayo. Alitamani aondoke kimya kimya awaachie chumba chao. Mlango ulikuwa hatua mbili tu.

"Yupo mtu mwingine hapo," ilisema spika. "Nasikia anavyopumua. Nani?"

Bi Ramla alimtazama Milembe. Hakumsaidia, wala hakumzuia. Alisogea kidogo tu, akamwachia nafasi mbele ya kipaza sauti.

"Ni mimi, Mzee Kapalata. Naitwa Milembe, fundi wa njia." Akasogelea kipaza sauti. "Mkeo hakunyamaza. Hakuna aliyekupuuza, na akili yako ni nzima. Majibu yako yalikuwa yanatoka mlango usio wake, yanatupwa, kwa sababu niliandika amri nje ya chumba chako badala ya ndani, na sikurudi kuangalia. Miaka minne. Ni mimi."

Spika haikujibu.

Milembe aliinamisha macho kwenye skrini kabla hajajizuia. Ilikuwa mazoea ya mkono. Vilivyotupwa: sifuri. Njia ilikuwa nzima. Kimya hiki hakikupotelea langoni, kilikuwa cha Mrisho mwenyewe. Alikuwa amesikia, na alikuwa na hiari ya kusema au kutosema.

Milembe aliifunga kompyuta, akaiweka sakafuni, akasimama pale pale anasubiri.